Somo: Jinsi ya kuandika ombi la taarifa ambalo ofisi ya kaunti haiwezi kulikwepa

Somo hili ni la wanahabari wa mashinani: mlio kwenye redio za jamii, mnaoandikia magazeti kutoka kaunti, na mnaojitegemea. Karibu kila mmoja wetu anajua kuwa Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ilipitishwa mwaka 2016. Walioitumia kwa barua ni wachache mno. Tumezoea kumpigia msemaji wa gavana, kungoja kauli, halafu kumaliza habari kwa kusema juhudi za kumpata ziliambulia patupu.

Sheria hii hufanya kazi vizuri zaidi ukiitumia kuomba karatasi kuliko kuomba maelezo. Ukiuliza "kwa nini zahanati haijakamilika?" afisa anaweza kukutungia maelezo ya kurasa mbili, yote matamu. Ukiomba cheti cha malipo cha mkandarasi, ama kipo ama hakipo, na majibu yote mawili ni habari.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Wadini kwako kuna zahanati iliyokwama kwenye linta. Mkandarasi ameondoka, nyasi zimeota ndani, na wananchi wanaambiwa pesa zilikwisha.

Hatua ya 1: Soma kwanza kilicho wazi

Usiombe kitu ambacho tayari kimechapishwa. Anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yako. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na Ibara ya 229 ya Katiba inampa Mkaguzi miezi 6 baada ya hapo. Soma pia ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, bajeti ya kaunti yenyewe, na tovuti ya serikali inayochapisha zabuni. Kwa kampuni, chukua CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uwaone wakurugenzi na wenye hisa.

Kwenye ripoti ya Mkaguzi, tafuta mahali anaposema hakuonyeshwa nyaraka za kuthibitisha matumizi fulani. Mistari hiyo huwa mikavu na wengi huiruka. Mimi huwaambia wanafunzi waanzie hapo, maana kama mkaguzi mwenye mamlaka ya kikatiba amenyimwa karatasi, una sababu nzuri ya kuiulizia karatasi hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Fuata njia ya karatasi

Pesa za mradi wa umma haziendi popote bila karatasi. Kuna fungu kwenye bajeti, mpango wa ununuzi, tangazo la zabuni, ripoti ya kamati ya tathmini, barua ya kumkubali mshindi, mkataba, orodha ya kazi na bei (sote tunaiita BQ), ripoti za ukaguzi wa kazi, vyeti vya malipo, vocha, na mwishowe hati ya makabidhiano. Ichore njia hii kwenye daftari, na kando ya kila karatasi andika nani anaitia saini na inakaa ofisi gani.

Kuna jambo ambalo maafisa hawapendi ulijue. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 68, inataka kumbukumbu za kila ununuzi zitunzwe kwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Kwa hiyo "faili halionekani" halimalizi mazungumzo. Omba waliandike hilo kwa barua, kisha uone.

Hatua ya 3: Chagua karatasi chache

Anayeomba "nyaraka zote kuhusu zahanati" anawapa sababu ya kuchelewa, na wataitumia. Kwa mfano wetu ningeomba tatu: BQ, vyeti vya malipo, na ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi.

Sababu ni hii. BQ inasema kilichopaswa kujengwa na kwa bei gani: mita ngapi za msingi, mawe mangapi, nondo za unene gani. Vyeti vya malipo vinasema ni sehemu gani ya kazi iliyolipiwa. Ripoti ya kamati inasema nani alifika pale, akaangalia, akasaini kuwa kazi imefanyika. Sasa mtafute mkadiriaji majengo asiye na uhusiano na kaunti, nenda naye uwanjani na hizo karatasi, mpime pamoja. Cheti kikionyesha paa limelipiwa, na ninyi mmesimama chini ya mbingu, habari umeipata. Hukuhitaji mtu akunong'oneze, na hakuna wakili atakayeitikisa kirahisi. Majina yaliyo chini ya ripoti ya kamati ndiyo utakaowatafuta wakupe upande wao.

Hatua ya 4: Mlinde chanzo chako kabla ya kuandika

Hapa nawaomba msimame kidogo. Tuseme karani amekupa nakala ya cheti namba 3. Ukiandika ombi la "cheti namba 3 cha tarehe fulani", umewaonyesha kuwa umekiona, na waliokigusa pengine ni watu watatu tu. Omba vyeti vyote vya malipo vya mradi huo, na ikiwezekana vya miradi mingine miwili ya idara hiyo, ili mradi wako usijitokeze peke yake. Zungumza na chanzo kabla ya kutuma barua, umwambie utatuma lini. Akikuomba usubiri, subiri. Kuna habari nyingi duniani, na kazi ya mtu ni moja.

Hatua ya 5: Andika

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari kinaruhusu ombi la maandishi kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza sababu. Kwa sheria hii mkuu wa taasisi ndiye afisa wa upatikanaji wa habari, kwa hiyo kwenye kaunti mwandikie Katibu wa Kaunti, na nakala kwa afisa mkuu wa idara husika. Barua yenyewe iwe fupi:

"Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho namba ____. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu ujenzi wa zahanati ya ____, zabuni namba ____: (a) orodha ya kazi na bei iliyoambatanishwa na mkataba, (b) vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi tarehe ya barua hii, (c) ripoti zote za kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi. Ikiwa sehemu yoyote inashikiliwa na ofisi nyingine, naomba ombi lihamishiwe huko na nijulishwe. Ikiwa sehemu yoyote inakataliwa, naomba sababu kwa maandishi na kifungu cha sheria kilichotumika. Napendelea nakala kwa barua pepe."

Usitie maneno ya kutuhumu, wala "ufisadi" wala "uporaji". Barua hii inaweza kusomwa na jaji siku moja.

Hatua ya 6: Muhuri, halafu kalenda

Peleka nakala mbili. Moja waichukue, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Tuma na kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Wana siku 21 za kujibu. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wanaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, kama nyaraka ni nyingi au lazima washauriane na ofisi nyingine. Wakilihamisha ombi, wafanye hivyo ndani ya siku 5. Kutuma ombi hakulipishwi. Utalipia gharama halisi ya kunakili na kutuma, basi. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Wengi huzipoteza siku hizo 30 kwa kuendelea kumbembeleza karani.

Hatua ya 7: Wakikataa

Kifungu cha 6 kina orodha ya yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na mengineyo. Lakini kifungu hicho hicho kinaruhusu taarifa itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Kwa hiyo jibu lako kwa kukataliwa lielezee hayo manufaa, kwa wagonjwa gani na umbali gani wanaosafiri kutafuta dawa.

Kesi ya kuisoma ni ya hapa kwetu. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliiandikia serikali wakiomba mikataba ya reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China. Hawakupewa. Walipokwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, serikali ilishikilia kipengele cha usiri kilichomo kwenye mikataba. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kuwa kuwanyima taarifa hizo kulivunja Ibara ya 35, akaamuru zitolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani mikataba ya mkopo. Angalieni mpangilio: barua kwanza, mahakama baadaye. Bila zile barua, wangekosa cha kumwonyesha jaji.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kwale: Mwalimu, nilifika ofisini nikaambiwa nilete barua ya mhariri na nieleze taarifa ni za kufanyia nini. Nifanye nini?*

Waonyeshe kifungu cha 4. Kinasema wazi kuwa haki yako haiathiriwi na sababu unazotoa, wala na kile afisa anachodhani ndizo sababu zako. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo hata bila kadi ya uanahabari unaomba. Mimi hushauri utumie jina lako na kitambulisho chako badala ya jina la kituo. Wakigoma kuipokea, itume kwa barua pepe na kwa posta ya rejista, uhifadhi risiti.

*Mwanachama, Taita Taveta: Je, naweza kumwandikia mkandarasi mwenyewe? Kampuni yake ni ya binafsi.*

Unaweza. Sheria inagusa pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au kutoa huduma za umma. Lakini anza na kaunti, maana karatasi hizo hizo ziko kwenye faili lake, na kaunti haina pa kujificha. Mkandarasi utamwandikia baadaye, umpe nafasi ya kujibu. Hiyo ni barua nyingine kabisa, msizichanganye.

*Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Sisi huku tunatumia nini?*

Marahaba. Tanzania Bara mna Ibara ya 18 ya Katiba na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Haki ni ya raia, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Ukikataliwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na kutoka hapo kwa Waziri. Hakuna tume huru ya kukimbilia kama huku, jambo ambalo naona ni pengo kubwa. Kwa hiyo hatua ya 1 kwenu ina uzito zaidi: ripoti za kila mwaka za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wenu wa hesabu, zisomeni mstari kwa mstari. Wenzetu wa Zanzibar wajue kuwa sheria hiyo haifiki kwao.

*Mwanachama, Kilifi: Nimepewa mkataba lakini kiasi cha pesa na jina la kampuni vimepakwa wino mweusi. Wanasema ni Sheria ya Ulinzi wa Data.*

Sheria hiyo ya 2019 inalinda taarifa za watu, na kampuni si mtu wa aina hiyo. Wakifuta namba ya simu ya karani au jina la mgonjwa, wana haki na hata sisi tungefuta. Bei ya mkataba wa umma haimo humo. Pokea ulichopewa, andika barua ya kutaka sababu ya kila mstari uliofutwa, kisha nenda Ombudsman ndani ya siku 30.

*Mwanachama, Mombasa: Mhariri wangu hawezi kungoja siku 21. Anataka habari leo.*

Mpe ya leo kutoka ripoti ya Mkaguzi, na barua iwe imeshatumwa. Fanya iwe desturi kutuma ombi moja kila mwezi, hata kabla hujajua habari itakuwaje. Weka daftari lenye safu nne: tarehe ya muhuri, ofisi, siku ya 21, siku ya mwisho ya Ombudsman. Baada ya miezi michache majibu huanza kuingia kwa zamu, na mhariri ndiye atakayeanza kukuuliza.

*Mwanachama, Lamu: Siku 21 zimepita kimya na malalamiko yako kwa Ombudsman. Naweza kurusha habari sasa?*

Ndiyo, kwa ulichothibitisha. Usiseme "kaunti imekataa" kama haikukujibu, na usiseme "imeficha" kama huna ushahidi. Mpigie Katibu wa Kaunti mara ya mwisho, umpe muda wa haki wa kujibu, kisha soma hewani hivi: "Tarehe fulani tuliomba nakala za vyeti vya malipo vya zahanati hii. Ofisi ya Katibu wa Kaunti ilipokea ombi letu na kulipiga muhuri. Muda wa siku 21 uliowekwa na sheria umepita, na hadi tunakwenda hewani hatujapata jibu." Nakala yenye muhuri iwe mezani unaposoma, maana simu zitaanza kulia kabla hujamaliza taarifa.