Namna ya Kupika Kima ya Kondoo

Anayetaka kima ya kondoo katika mabucha ya Mombasa na achague mwenyewe kipande cha paja au bega, kisha amwombe muuzaji aondoe mafuta ya ziada kabla ya kusaga, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo yanayobeba ile harufu nzito isiyopendwa na wengi. Nyama hii ina protini nyingi, madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini B12. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yanayoganda, hivyo mwenye maradhi ya moyo apunguze kiasi.

Kwa nusu kilo, usitie mafuta ya kupikia. Bandika nyama peke yake kwenye moto wa wastani, uivunjevunje kwa mwiko hadi maji yakauke na ianze kujikaanga, kisha umwage mafuta yaliyozidi. Hapo ndipo utie kitunguu maji, kitunguu thomu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini na chumvi. Usiitegemee rangi kujua kama imeiva: kusaga huingiza hadi ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama, kwa hiyo joto lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Mwishoni kamulia ndimu na unyunyize dania. Itakayobaki, kama itabaki, inafaa sana kwa sambusa.