Kabla hujakata shamba kuwa viwanja vya makazi

Kosa linalogharimu zaidi ni kuanza na bikoni, yaani alama za mipaka zinazosimikwa ardhini. Mwenye shamba huita mpima, hukata vipande, huuza viwili vitatu, ndipo apeleke mchoro halmashauri. Mchoro ukirudishwa, tayari kuna mnunuzi aliyemwaga mchanga na mawe. Idhini itangulie, bikoni za kudumu zifuate.

Kwa afisa mipango miji uliza mambo manne, na majibu uyapate kwa maandishi: eneo limetengwa kwa matumizi gani, kiwanja kisipungue ukubwa gani, upande wake wa barabarani usipungue mita ngapi, na barabara ya ndani iwe na upana gani. Kama ardhi bado ni ya kilimo, ombi la kubadili matumizi hutangulia na majirani hupewa muda wa kupinga. Wakati huohuo kagua daftari la ardhi: rehani, zuio la mahakama au haki ya njia ya bomba na umeme hukwamisha kila kitu.

Sasa hesabu. Chukua shamba la mita 60 kwa 100, yaani mita za mraba 6,000, na kiwanja kisichopungua mita za mraba 450. Kwa kugawanya tu unapata viwanja 13. Pitisha barabara ya mita 10 katikati, kwa urefu: mita za mraba 1,000 zimekwenda, na kila upande umebaki ukanda wa kina cha mita 25. Ikidaiwa asilimia 10 ya eneo zima iwe wazi, kata kipande cha 24 kwa 25 upande mmoja. Hapo panabaki viwanja vinne vya 19 kwa 25, na ng'ambo vitano vya 20 kwa 25. Tisa, si 13. Barabara ikiwa haitokezi, nafasi ya kugeuzia gari la zimamoto itamega viwanja vya mwisho, kwa hiyo vipanue mapema. Usijaribu kuokoa kiwanja kwa kukipa ujia mwembamba nyuma ya kingine. Michoro ya namna hiyo hurudishwa sana.

Maji ndiyo huangusha michoro mingi iliyo mizuri machoni. Mpima aoneshe kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) za nusu mita au mita moja, mitaro, na mahali mafuriko hufika. Mhandisi atauliza maji ya barabara yanaishia wapi. "Kwa jirani" si jibu. Pasipo bomba la majitaka, pima unyonyaji wa udongo: chimba shimo, lijaze maji mpaka udongo ushibe, kisha pima maji yanavyoshuka kwa muda. Udongo wa mfinyanzi usionyonya hudai viwanja vikubwa zaidi. Shimo la kunyonya majitaka pia liwe mbali na kisima. Umbali unaotajwa mara nyingi ni mita 30.

Peleka mchoro, uthibitisho wa umiliki, ramani ya mpima na barua za mamlaka za maji, umeme na barabara pamoja. Faili pungufu husubiri tu.

Mchoro ukipitishwa, soma masharti na tarehe ya ukomo. Kwa kawaida utatakiwa kujenga barabara na mitaro, au kuweka dhamana ya fedha, kabla ramani ya mwisho haijasainiwa na kusajiliwa. Bikoni huwekwa kwa vipimo vya mchoro uliopitishwa. Ukihamisha mpaka hata kidogo, omba marekebisho kwanza. Malipo ya wanunuzi yasubiri namba za viwanja zilizosajiliwa.