Kutia Sabtaito za Kiswahili kwenye Sinema ya Upelelezi ya Kisovieti

Huko Usovieti, Goskino, kamati ya serikali ya filamu, ilipitia filamu tangu ikiwa muswada, hivyo mtazamaji alijua mapema kwamba polisi watashinda. Kinachomweka roho juu ni swali jingine: huyu ni mwenzetu au la? Jibu mara nyingi limo katika neno la kuitana, na hilo ndilo mfasiri wa haraka hulipoteza kwanza.

"Tovarishch", neno la Kirusi la kumwita mwenzako, liandike ndugu. Mtu akishashukiwa, afisa huliacha na kumwita "grazhdanin", yaani raia, na mshukiwa naye hulazimika kumwita afisa hivyo hivyo. Ukijaza "bwana" kote, watazamaji wako wa Mji wa Kale, Mombasa, hawatahisi kwamba mlango umeshafungwa. "Afande" libaki la polisi kwa mkubwa wao. Majambazi wape lugha ya mtaani: kwao polisi ni karao.

Kabla ya kufasiri, pima mwendo. Filamu za sinema zilipigwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, lakini nakala nyingi za televisheni huenda 25. Dakika 90 zinakuwa 86 na sekunde 24, na maandishi yaliyopimwa kwa 24 yanazidi kuchelewa hadi jina la muuaji litokee keshatiwa pingu. Kusogeza faili nzima hakusaidii, maana mwanzo utaharibika. Zidisha kila muda kwa 0.96.

Mistari isizidi miwili, herufi 42 kila mmoja, isimame sekunde 1 hadi 7. Ukionyeshea uani baada ya isha, taa za barabarani humeza maandishi meupe. Tumia manjano yenye ukingo mweusi. Onyesho la hadharani lataka filamu ipitishwe kwanza na KFCB, bodi ya Kenya ya kuainisha filamu.

Pengine kazi kubwa ni kunyamaza. Katika filamu ya mwongozaji Govorukhin ya 1979, ya sehemu 5, mpelelezi Sharapov amejipenyeza kwenye genge akijidai mpiga piano wa mkahawani. Anapiga Chopin, jambazi mmoja haridhiki, anataka "Murka", wimbo wa wezi. Jina hilo usilifasiri. Ombi likishasomwa, ondoa maandishi yote, macho yabaki kwenye vidole vyake mpaka sauti ya kwanza ya wimbo itoke.