Usafi wa kujitolea: anzeni na gari la taka

Usafi mwingi huharibika baada ya vijana kuondoka. Viroba vimepangwa vizuri kando ya barabara, hakuna wa kuvizoa. Usiku mbwa wanavichana, kesho uwanja mchafu kuliko jana.

Hatua ya 1. Jueni nani atazoa taka, saa ngapi, na zirundikwe wapi. Hamjapata jibu? Ahirisheni.

Hatua ya 2. Siku mbili kabla, lizungukeni eneo lote. Andikeni palipo na vioo, mitaro na sindano.

Hatua ya 3. Gaweni watu wannewanne: wawili waokote, mmoja ashike kiroba kikiwa wazi, mmoja abebe ndoo ngumu ya vioo na vyuma. Mshika kiroba huonekana mtegeaji, lakini asipokuwepo waokotaji watahangaika na mdomo wa kiroba kwa kila chupa.

Hatua ya 4. Chupa ya maji fungua, mwaga, ikanyage, ndipo urudishe kizibo. Ukiiacha na hewa, kiroba kinajaa upepo. Chupa yenye kimiminika usichokijua usiifungue wala kuinusa; mwite kiongozi.

Hatua ya 5. Jazeni robo tatu tu. Taka zikiwa na maji au mchanga, nusu. Kiroba kilichojaa pomoni hakifungiki, na kikiburutwa kinapasuka kitako. Msikishindilie kwa mkono wala kukikumbatia: kipande cha kioo hupenya plastiki bila kuonekana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Glavu nyembamba za hospitali zinatosha?
Jibu: Hapana, zinachanika mapema. Tafuteni nene za bustani. Hata hizo hazizuii sindano. Sindano aiokote mtu mzima kwa koleo, aitie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Swali: Na mtu akichomwa?
Jibu: Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue wala kulinyonya, aende kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali huanzwa ndani ya saa 72, na kuchelewa kunazipunguzia nguvu.

Swali: Taka za mtaroni zinatulemea, viroba havibebeki.
Jibu: Zivuteni kwa reki ya mpini mrefu, ziacheni ukingoni zichuje maji, ndipo mjaze. Msisahau kuzizoa: mvua ikizikuta pale zinarudi mtaroni.