Namna ya kumuonyesha mtoto kutu yatoka wapi

Kijana wangu aliulizwa swali la sayansi, kwa nini chuma kushika kutu kunahesabiwa ni badiliko la kikemikali, akaandika ati ni uchafu wa bahari umegandia chuma. Nikacheka lakini sikumlaumu, manake hapa Mombasa ukitizama grili za madirisha yanayoelekea baharini hata mtu mzima aweza kuamini chumvi ndo imeota pale.

Basi tukafanya hivi. Nunua stilwaya mpya dukani ya kusugulia sufuria, ile ya chuma inayoshika sumaku, iloweke kwa siki dakika tano itoke mafuta ya kiwandani, ikamue, ichambue, isukumize mpaka chini kabisa ya gilasi ndefu isianguke ukiipindua. Pindua gilasi kwenye sahani ya maji, tia alama pale maji yalipofika, uache mpaka kesho au kesho kutwa. Na usichungulie kwa kuinua gilasi! Wangu aliinua tukaanza upya.

Utakuta stilwaya imekua nyekundu na maji yamepanda ndani ya gilasi, yakikaribia sehemu moja kwa tano. Hapo ndo pa kumuuliza mtoto, hewa imekwenda wapi? Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, na imeingia kwenye chuma, zimeshikana pamoja na maji kikatokea kitu kipya, hilo ndo badiliko la kikemikali. Ndo mana kutu ni nzito kushinda chuma iliyotokana nacho, yani gramu 112 za chuma zikiisha zote zabeba gramu 48 za oksijeni, na maji bado hujahesabu.

Halafu twanga ile kutu ikiwa kavu, unga mwekundu mtupu, usogezee sumaku (yangu niliitoa kwa spika mbovu). Stilwaya mpya inarukia, huo unga unajivutavuta tu ama hausongi kabisa. Ukiona inashika sana jua ndani bado kuna chuma hakijaoza.

Sasa mlinganishie na barafu ya ukwaju. Ikiyeyuka ni ukwaju, ukiirudisha friza ni ukwaju ule ule, hilo ni badiliko la kimaumbile. Hata chuma kikiyeyushwa kwa digrii 1538 kikipoa ni chuma. Lakini kutu uitie friza, uianike, uioshe, hairudi chuma ng'o, mpaka iingie tanuri la moto mkali na makaa ya kuinyang'anya oksijeni.

Na chumvi je? Chumvi inaharakisha tu, maji ya chumvi yanapitisha umeme mdogo mdogo unaokula chuma, kwa hivyo grili ya Nyali, kando ya bahari, inaoza mbele ya ile ya Voi, huko bara. Ukiikwangua, ule unga unaoanguka ni grili yenyewe, kwa hivyo kwangua mpaka chuma king'ae, kikauke, ndo upake praima, ukipaka rangi juu ya kutu itabanduka mapema bana.