Kufunga feni ya umeme kwenye Land Rover 109, na upepo uliotupotezea siku tatu

Mzee mmoja hapa Arusha aliniletea Land Rover 109 yake, Series III ya petroli, injini ya lita 2.25. Maneno yake yalikuwa machache: "Fundi, njiani halinisumbui. Nikikwama foleni tu, linachemsha." Tulilifungia feni ya umeme na sasa liko vizuri, lakini katikati tulihangaika sana kwa kosa ambalo ningeligundua kwa dakika tano kama ningelijua. Naandika hatua zote, ila hatua ya sita usiiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa upepo

Gari linalochemsha likisimama, kisha geji ikashuka ukipata mwendo, linakosa upepo. Hilo feni italisaidia. Gari linalochemsha likiwa kwenye kasi au likipanda mlima lina ugonjwa mwingine: rejeta imeziba, thamostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto) imekwama, taimingi (wakati wa cheche kuwasha mafuta) imechelewa, au gasketi ya hedi imeanza kuungua. Hapo hata ufunge feni mbili, utakuwa umetupa hela.

Angalia pia kifuniko cha rejeta. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko ambacho mpira wake umekakamaa hakishiki presha, kwa hiyo hizo nyuzi tano unazipoteza bure. Kifuniko cha mzee kilikuwa kimekufa. Tulinunua kipya kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Pigia hesabu umeme

Feni ya umeme ya kiasi hula ampea 10 hadi 15, na kubwa hufika 20. Series III nyingi zilikuja na alteneta (mashine ya kuchaji betri) ya Lucas 16ACR, ampea 34, na hizo huzipati injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta. Ukiwasha taa, waipa na feni usiku wa mvua, unakaribia ukingoni lakini inawezekana. Kama lako ni Series II au IIA lenye dainamo ya C40, chaja ya kizamani, hiyo ni ampea 22 tu. Usifunge feni ya umeme juu ya dainamo. Weka alteneta kwanza.

Feni ya mtumba ipime kabla ya kuinunua, kwa mita ya kubana kwenye waya. Mita ya kawaida ya ampea 10 itakata fyuzi yake feni inapoanza, maana feni ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika kasi.

Hatua ya 3: Chagua feni

Mimi napenda feni moja kubwa ikae nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute. Feni ya mbele inayosukuma inaziba njia ya upepo gari likiwa kwenye mwendo, na kwenye njia zetu inakula vumbi na kokoto. Ya mbele nafunga pale tu nafasi ya nyuma inapokosekana kabisa.

Pima upana na urefu wa sehemu ya rejeta yenye mapezi, kisha pima kina kutoka kwenye mapezi hadi pua ya pampu ya maji. Acha sentimita mbili za usalama. Injini imekalia mpira na hucheza, hasa ukiachia klachi ghafla. Feni yenye kava la duara kuzunguka mapanga ni bora kuliko iliyo uchi, kwa sababu kava linalazimisha hewa ipite kwenye rejeta badala ya kuzungukia pembeni.

Hatua ya 4: Toa feni ya zamani

Boliti zinazoshika feni ndizo zinazoshika puli ya pampu. Ukishatoa feni zinakuwa ndefu mno, kwa hiyo weka fupi au ongeza washa (pete za chuma). Mkanda unarudi palepale, maana pampu na alteneta bado zinautegemea.

Hatua ya 5: Ishike kwenye fremu, usiishike kwenye mapezi

Kuna zile pini za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi ya rejeta na kubana feni moja kwa moja. Sizitumii, na gari likija nazo nazitoa. Feni hutetemeka, pini husugua mirija, na baada ya miezi kadhaa rejeta inavuja mahali ambapo fundi wa kuchomelea hawezi kufika. Kata vipande vinne vya chuma bapa, vifunge kwenye fremu ya rejeta, weka mpira kati ya bapa na feni. Nusu siku ya kazi, na rejeta inabaki salama.

Hatua ya 6: Upepo unaenda wapi, na kwa nguvu gani

Hapa ndipo siku tatu zilipoishia.

Feni tuliyopata ilikuwa ya mtumba, imetolewa kwenye gari dogo la Kijapani ambako ilikaa mbele ya rejeta ikisukuma. Sisi tuliiweka nyuma. Ukiigeuza hivyo, upepo wake unatoka kwenye injini kwenda mbele, kinyume na tunavyotaka. Nikafanya wanachofanya mafundi wengi: nikabadilisha waya, chanya kwa hasi, feni ikazunguka upande wa pili. Nikaweka karatasi kwenye grili, ikanasa. Nikamwambia mzee mambo tayari.

Jioni akapiga simu kutoka foleni. Feni inazunguka, na geji inapanda.

Siku ya kwanza nilibadilisha thamostati. Ya pili nilitoa rejeta, nikaisafisha, nikaona maji yanapita bila shida. Ya tatu nilikagua gasketi, nikarudia taimingi. Kila kitu kilikuwa kizima. Saa kumi jioni nikafungua boneti, nikaiwasha feni peke yake, nikaweka kiganja nyuma yake. Upepo ulikuwepo, lakini dhaifu, kama wa mtu anayepepea mkaa kwa kifuniko cha sufuria. Kelele nyingi, upepo kidogo.

Nikaizima, nikaangalia panga moja kwa karibu. Panga la feni halikunyooka. Lina tumbo upande mmoja, na ukingo mmoja ni mnene wenye mviringo, mwingine mwembamba. Likizunguka sawasawa, ukingo mnene hutangulia na upande wenye shimo ndio unaosukuma hewa. Langu lilikuwa linatanguliza ukingo mwembamba, na lilisukuma hewa kwa mgongo.

Elewa mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya:

Kubadilisha waya peke yake kunageuza upepo, lakini mapanga yanafanya kazi kinyumenyume na nguvu inapungua sana.

Kupindua mapanga peke yake kwenye mota hakugeuzi upepo. Ni kama skrubu: ishike kichwa chini au juu, mzunguko wake haubadiliki. Upepo utaendelea kwenda kulekule, tena dhaifu.

Ukitaka feni ya kusukuma iwe ya kuvuta, fanya yote mawili. Badilisha waya, na pindua mapanga. Kwenye mota nyingi mapanga yameshikwa na klipu au nati, na nati nyingine hufunguka kinyume, ukiikaza unadhani unaifungua. Jaribu pande zote mbili taratibu kabla ya kutumia nguvu. Kuna mapanga ambayo hayapinduki, kitovu chake kimetengenezwa kwa upande mmoja tu. Hayo yaache, tafuta feni nyingine iliyozaliwa ya kuvuta.

Kwa wenye Series II na IIA za kabla ya 1967: nyingi zilitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi. Ukifunga feni kwa mazoea, mwili wa gari ukiuhesabu hasi, itazunguka kinyume tangu siku ya kwanza. Angalia betri kwanza.

Na karatasi kwenye grili isikudanganye. Karatasi ni nyepesi, inanasa hata kwa upepo wa kinyonge. Tumia kiganja nyuma ya feni, au kipande cha kitambaa kizito. Baada ya kupindua mapanga, upepo ulinipeperushia vumbi la boneti usoni.

Hatua ya 7: Waya

Chanya ya betri, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, kisha mguu namba 30 wa rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa). Namba 87 kwenda feni. Namba 86 ipate umeme wa swichi ya funguo, namba 85 iende kwenye swichi ya joto. Waya wa feni uwe wa milimita 4 za mraba, na ethi yake (waya wa kurudisha umeme) irudi mpaka kwenye betri au kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Usipitishe umeme wa feni kwenye swichi ya dashibodi bila rilei, swichi itayeyuka.

Hatua ya 8: Swichi ya joto

Thamostati ya gari hili inafunguka kwenye nyuzi 82. Feni ikiwaka chini ya hapo haitazima kamwe, kwa hiyo nilichukua swichi inayowasha 92 na kuzima 87. Fundi wa kerezo alinichongea kiungo cha shaba chenye uzi wa swichi, nikakata mpira wa juu wa rejeta na kukifunga katikati kwa klipu mbili. Zile swichi zenye kijiwaya kinachopenyezwa chini ya mpira sizitaki, zinavuja.

Kumbuka kiungo hicho kimezungukwa na mpira pande zote mbili, hakina ethi. Swichi ya mguu mmoja haitafanya kazi mpaka uvute waya kutoka kwenye kiungo hadi kwenye bodi.

Ongeza swichi ya kuzima kwenye dashibodi kwa ajili ya kuvuka mito. Feni ikizunguka ndani ya maji, mapanga hupinda kuelekea rejeta.

Hatua ya 9: Jaribu likiwa limesimama

Acha injini sailensa, boneti imefungwa, mchana wa jua. Kwa mzee, feni iliwaka baada ya dakika kumi na nne, ikazunguka dakika mbili, ikazima. Tulisubiri iwake na kuzima mara tano, geji ikiwa katikati, ndipo akachukua funguo.