Kusimamia tasnifu ya saikolojia ya kijeshi, kuanzia mada hadi utetezi

Askari akipewa dodoso, swali la kwanza linalomjia kichwani halimo kwenye karatasi: nani ataliona jibu langu? Akihisi ni mkuu wake, atajibu kama yuko gwarideni. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa askari wa Marekani waliotoka Iraq. Waliulizwa mara mbili, kwanza katika uchunguzi wa kawaida wa kiafya unaobeba jina, kisha kwa dodoso lisilo na jina. Pale jina lilipoondolewa, waliokiri dalili za sonona, kiwewe na mawazo ya kujiua waliongezeka mara mbili hadi nne.

Msimamizi wa tasnifu ya fani hii aanzie hapo. Mwanafunzi anaweza kuwa na nadharia nzuri na takwimu safi, lakini kama washiriki hawakuamini kwamba siri yao iko salama, atakachokuwa amepima ni woga. Hatua zinazofuata zinamhusu mhadhiri anayesimamia uzamili au uzamivu katika vyuo vyetu vya Tanzania na Kenya, ambako wanafunzi wengi wa fani hii ama ni wanajeshi wenyewe ama wanataka kuwatafiti wanajeshi.

Mada kwanza, na kuipunguza

Mwanafunzi huja na kitu kama "athari za kisaikolojia za vita kwa wanajeshi". Mrudishe akajibu maswali manne kwa maandishi, ukurasa mmoja tu: askari gani, walipitia nini, unapima nini hasa, na utawafikiaje? Swali la nne ndilo linaloua mada nyingi, na ni heri ife mwezi wa kwanza kuliko mwezi wa kumi na nne.

Kama njia ya kuingia kikosini haionekani, zipo mada za jirani zenye thamani ileile: wastaafu, wake na waume wa walioko kwenye ulinzi wa amani, watoto wanaolelewa na mzazi mmoja huku mzazi wa pili yuko Kongo au Somalia, au walioacha jeshi na kuingia kazi ya ulinzi binafsi. Familia za wanajeshi kwetu zimeandikwa kidogo mno, na unaweza kuzifikia bila kupita lango la kambi. Tunawashauri wasimamizi wapya waanzie huko.

Vibali ni ngazi mbili

Ngazi ya kwanza ni ya utafiti: kamati ya maadili ya chuo, kisha mamlaka ya nchi. Kenya ni leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na kamati ya maadili iliyotambuliwa hupitia pendekezo kabla ya hapo. Tanzania, utafiti unaogusa afya huangaliwa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) ina nafasi yake, hasa kama yupo mtafiti kutoka nje. Ngazi ya pili ni ya jeshi lenyewe. Hiyo haifungwi na ile ya kwanza: kibali cha chuo hakimlazimishi mkuu wa kikosi chochote. Barua hupanda kwa ngazi za uongozi na kushuka kwa ngazi hizohizo. Kwenye ratiba mwekee mwanafunzi miezi sita, na umwambie awe na mada ya akiba iliyoandikwa tayari.

Katika barua kwa jeshi, andikeni mapema mambo matatu, kwa sababu yakiachwa ndiyo yanayozua ugomvi mwishoni. Moja, jeshi litapitia rasimu kuangalia usalama (majina ya maeneo, idadi ya askari, tarehe za operesheni), si kubadilisha hitimisho. Pili, mapitio yana muda, siku 30 kwa mfano. Tatu, madodoso yaliyojazwa hayatakabidhiwa kwa mtu yeyote wa kikosi, na matokeo yatatolewa kwa makundi tu. Mkuu asipokubali la tatu, badilisheni kikosi au mada. Hapo hakuna nusu kwa nusu.

Cheo ndani ya ofisi yako

Mwanafunzi ambaye ni meja, na wewe ni mhadhiri raia, atakuitikia "sawa Dokta" kwa kila maoni unayompa. Usifurahi. Amezoea kwamba neno la mkubwa ni amri, na utagundua mwishoni kwamba ametekeleza hata ushauri uliokuwa umekosea. Mpe kazi ya kudumu: kila kikao aje na hoja moja kati ya maoni yako ambayo haikubali, na sababu yake. Vikao viwili vya kwanza atajikunja, cha tatu atazoea.

Hali ikigeuka, yaani msimamizi ni kapteni na mwanafunzi ni kanali, tafuteni msimamizi wa pili aliye raia na mkubaliane kwa maandishi kwamba maoni ya tasnifu hayapiti kwa cheo. Vikao vifanyike kwa nguo za kiraia. Linaonekana jambo dogo, lakini mwenye cheo kikubwa kuliko chako begani ni vigumu kumwambia sura yake ya pili irudiwe yote.

Na hili halina mjadala: mwanafunzi asikusanye data kwa walio chini yake. Hata akivaa kiraia, hata akisema "mko huru", hawako huru. Atafutwe mtafiti msaidizi raia, na mwanafunzi asiingie chumbani kabisa.

Dodoso: hapa ndipo mtumie muda

Vipimo vinavyotumika sana ni PCL-5 kwa kiwewe, PHQ-9 kwa sonona na AUDIT kwa pombe. PCL-5 ina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 4, jumla 80, na kizingiti kinachotumika kwa kawaida ni kati ya 31 na 33. PHQ-9 inafika 27, na kuanzia 10 hutazamwa kama dalili ya sonona inayohitaji kufuatiliwa. AUDIT ina maswali 10, jumla 40, na 8 huashiria unywaji wa hatari. Mwanafunzi akiandika "asilimia fulani wana kiwewe" kutokana na PCL-5 peke yake, mkatie hapo. Dodoso linachuja, halithibitishi ugonjwa. Aandike "walivuka kizingiti cha dalili".

Tafsiri ni pale makosa yanapojificha. Chukua kipengele cha 17 cha PCL-5, kinachouliza juu ya kuwa macho kupita kiasi na kujihami. Ukikiandika "kuwa macho na kujilinda muda wote", askari anayepanga zamu za lindo ataweka 4 bila kusita, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na ndivyo sajini anavyomtaka awe. Inabidi kiongezwe kitu kinachotenganisha kazi na dalili: "hata ukiwa nyumbani au mahali salama". Kipengele cha 13, kujihisi mbali na watu, kina shida ya namna hiyohiyo. Aliyeko Beni, Kongo, wakati mkewe yuko Mbeya yuko mbali kweli. Andikeni "kujihisi umetengana na watu hata wakiwa karibu nawe".

Maneno hayo ya nyongeza yatajwe wazi kwenye sura ya mbinu, na idhini ya kutumia kipimo iangaliwe kwanza. Utaratibu wenyewe: watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, wakae wapatanishe, mtu wa tatu ambaye hajaona asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha kikao kilinganishe matini zote. Baada ya hapo watafutwe watu 8 hadi 12 wanaofanana na washiriki, wasome kila kipengele kwa sauti na kueleza walivyokielewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanafunzi huiruka, na ndiyo inayokamata kosa la lindo.

Kipengele cha 9 cha PHQ-9 kinauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla ya kukipeleka kambini, jibuni: askari akiweka 1, 2 au 3, nani atajua, lini, na atafanya nini? Kama dodoso halina jina hamwezi kumfuata mtu. Basi chagueni moja kati ya mawili. Ama mtumie PHQ-8, ambayo imeondoa kipengele hicho na inafika 24, ama mfanye mahojiano ya ana kwa ana yenye mtaalamu wa afya ya akili aliye tayari siku hiyohiyo. Kwa vyovyote, kila mshiriki, si walioonekana na dalili peke yao, aondoke na kadi ndogo yenye mahali pa kupata msaada, na angalau sehemu moja iwe nje ya jeshi.

Sasa ukurasa wa mwanzo, ule wa taarifa binafsi. Fikiria mshiriki ameweka alama: kapteni, mwanamke, mganga, miaka 11 kazini, amewahi kwenda Kongo. Jina halipo, lakini kikosi kizima kinamjua. Punguzeni. Cheo kiwe makundi mawili, maafisa na askari wa vyeo vingine. Miaka ya kazi iwe chini ya 5, 5 hadi 14, 15 na zaidi. Taaluma iondoke kama si kiini cha swali la utafiti. Kundi lolote lenye watu pungufu ya 10 lisitolewe peke yake kwenye jedwali.

Siku yenyewe

Mwaliko usitolewe gwarideni wala na mkuu. Maafisa na askari wakae vyumba tofauti, mtu na mtu waachane viti viwili. Kila mmoja apewe bahasha yenye dodoso na kalamu, kalamu zote za rangi moja na aina moja. Msaidizi aeleze kwamba asiyetaka kushiriki anaweza kukaa na kuacha karatasi tupu, na wote watatumbukiza bahasha iliyofungwa kwenye sanduku kwa wakati mmoja. Hivyo hakuna anayejua nani alikataa. Ukiwaambia wasiotaka watoke nje, hatatoka mtu, na ridhaa uliyoipata si ridhaa.

Saini kwenye fomu ya ridhaa nayo ni jina. Ombeni kamati ya maadili iruhusu ridhaa bila saini kwa dodoso lisilo na jina. Hoja ipo na kamati nyingi huielewa ikielezwa vizuri.

Hesabu ya sampuli

Wanafunzi wetu hunakili fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli kama dua. Kikosi cha 600, kosa 0.05: 600 gawanya kwa 2.5 (yaani 1 jumlisha 600 mara 0.0025), jibu 240. Tatizo ni kwamba askari wa platuni moja wanafanana, kwa maana wana kiongozi mmoja na wamepitia siku zilezile. Mkichukua 25 kutoka kila platuni na mfanano wa ndani (kiasi cha majibu ya platuni moja kufanana) ukiwa 0.05, mnazidisha 24, yaani 25 toa 1, kwa 0.05 na kujumlisha 1, mnapata 2.2. Gawanyeni 240 kwa 2.2: wale 240 wanabeba uzito wa kama 109 tu. Basi ongezeni platuni na mpunguze idadi kwa kila platuni, na uchambuzi uwe wa ngazi mbili, ya askari na ya platuni. Mtahini wa nje aliyesoma takwimu atauliza hili.

Atauliza pia juu ya waliokwisha kuondoka. Utafiti wa kambini unawapata waliobaki, na walioumia zaidi mara nyingi walishatoka au wako likizo ya ugonjwa. Liandikwe kwenye mipaka ya utafiti kwa sentensi kamili.

Mahojiano ya kina

Mshiriki aambiwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa: tunauliza yaliyokupata moyoni na maisha ya baadaye, hatuulizi majina, tarehe, mahali wala mipango ya operesheni. Aambiwe pia ni nini hakiwezi kubaki siri, kama hatari ya karibu kwa maisha yake au ya mtu mwingine. Akianza kueleza tendo linaloweza kuwa kosa la jinai, mhojaji amkatishe kwa upole na kumkumbusha alichoambiwa mwanzoni. Msimamizi asiposema haya mapema, mwanafunzi atarudi na kinasa chenye kitu ambacho hakuna kati yenu anayejua pa kukiweka.

Mwanafunzi anayesikiliza habari za maiti kila siku naye huchoka. Mahojiano yasizidi mawili kwa siku, na kila wiki mkae nusu saa bila kugusa tasnifu, umuulize analala vipi. Kama naye alishakwenda kwenye operesheni, muulize hilo kabla hajaanza, na apate mshauri asiye wewe. Huwezi kuwa msimamizi wake na mtabibu wake.

Uandishi, utetezi, kurudisha matokeo

Sura ya historia iwe fupi. Yatosha kutaja vipimo vya akili vya Alpha na Beta walivyopewa askari wa Marekani kuanzia 1917 chini ya Robert Yerkes, makala ya Charles Myers ya 1915 juu ya mshtuko wa mabomu, na kuingizwa kwa utambuzi wa kiwewe kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Kurasa zinazobaki ziende kwa askari wa Afrika Mashariki, pamoja na tafiti za Burundi kuhusu wanajeshi na waliokuwa wapiganaji.

Mfanyieni utetezi wa mazoezi mara mbili, moja mbele ya wanasaikolojia na moja mbele ya maafisa wastaafu. Wa kwanza watamsumbua kwa vipimo, wa pili watamwambia palipo na lugha isiyosemwa kambini.

Matokeo yarudi kikosini kwa karatasi mbili, kwa Kiswahili, na nakala ileile anayopewa mkuu wawekewe askari bwaloni. Mkuu akisoma kisichosomwa na walio chini yake, mtafiti wa mwaka ujao atakuta madodoso yote yamejazwa sifuri.